Askari wa Pembeni

Masika yalikuwa yameigeuza mitaa ya Lipangalala kuwa tope tupu siku Mwalimu Sylvanus alipoleta chuoni vitabu vipya vya sataranji. Vilikuwa vinene, vinang'aa kama kioo, na vyote vilifundisha jambo moja: kuanza mchezo kwa kusukuma askari wa katikati. Aliwagawia wanachama wa klabu, akatangaza kwamba atakayekwenda Morogoro kwenye mashindano ya mkoa atacheza kwa vitabu hivyo.

Minza, binti wa wafugaji wa Namawala, hakupokea. Alikuwa na kitabu chake kikuukuu, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Kilimfundisha kusogeza kwanza askari wa ubavuni, kumwachia mpinzani katikati ya ubao, kisha kuishambulia hiyo katikati kutoka kandokando. Alikuwa amekilalia na kukiamkia tangu sekondari.

Remigius, aliyeitamani kama Minza nafasi moja iliyobaki kwenye timu ya kwenda Morogoro, alimtania.

"Dada, hii ni sataranji. Wewe unapitisha ng'ombe pembeni mwa mpunga wa watu."

Wenzao wakavunjika mbavu. Minza aliinamisha uso. Alikuwa mpole kama maji ya mtungini, na sauti yake ilitetemeka alipomgeukia mwalimu.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini kitabu changu sikiachi. Kama ni kuikosa safari, nitaikosa nacho mkononi."

Mwalimu alikunja uso. Akaamua wawili hao wapambane wiki inayofuata, na mshindi ndiye asafiri.

Remigius alikuwa mchezaji wa subira. Siku zote alijikinga, akangoja kosa, na kwa njia hiyo alikuwa amemfunga Minza mara nyingi. Sasa aliitupa subira hiyo, akakariri kurasa mpya kama mwanakwaya anayekariri wimbo wa Pasaka.

Siku ilipofika, Minza alisogeza askari wake wa pembeni. Remigius akasita, kwani kurasa alizokariri hazikuwa na jibu la mwanzo huo. Hata hivyo akawajaza askari wake katikati, wakasimama kwa majivuno kama mpunga uliorefuka kabla ya kuzaa. Kutoka pembeni askofu wa Minza aliwalenga, farasi wake wakawazunguka, nao wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Remigius alipotaka kurudi kwenye kujikinga kwake, malkia wake alikwisha kunaswa. Akamlaza mfalme wake ubaoni, kukubali kwamba ameshindwa.

"Ungecheza mchezo wako wa zamani ungenitoa jasho," Minza alimwambia taratibu.

"Usinikumbushe, dada," alijibu, macho yakiwa ubaoni.

Mwalimu alimpa Minza nafasi, lakini akamsogezea tena kitabu kipya, akimwonya kwamba Morogoro kuna wachezaji wakali. Minza alikirudisha kwa mikono miwili.

"Asante, mwalimu. Na huko nitaanzia pembeni."

Safari hii sauti yake haikutetemeka, wala hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wameona kwa macho yao kwa nini wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.