Kofia Nyekundu za Sengwa

Tupo? Semeni tupo. Mikono nayo ipo? Semeni ipo. Basi kama nyinyi mpo na mikono ipo, kisa nacho kipo. Anayetaka kukisikia apukuchue mahindi, maana mimi siwasimulii watu waliokunja mikono. Na wewe Kidawa, nani amekuweka uwasimamie wenzio? Kaa chini. Shika hindi lako.

Hapo kale, kale ya mbali, siku ambazo mvua ilibisha hodi kabla ya kunyesha na jogoo alilala mpaka aamshwe, palikuwa na mji ukiitwa Sengwa. Mji mzuri, udongo mweusi, mihogo minene kama mapaja ya Shomari huyu. Usinune, Shomari, hiyo ni sifa. Katikati ya mji palikuwa na kisima kimoja kirefu, na Sengwa nzima ilikunywa humo. Mto ulikuwepo, lakini kuufikia ni mwendo wa kutwa.

Mkubwa wa mji alikuwa Jumbe Mwinchande. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia marehemu. Hakumpiga mtu wala hakumnyang'anya mtu mbuzi. Alipenda kitu kimoja tu, usingizi wa adhuhuri, na alichukia kitu kimoja tu, mtu mwenye malalamiko barazani kwake.

Siku moja akaja mzee Pazi, mtu mwenye sauti kama ya kupigia mbiu, akalalamika kwamba njia ya sokoni imejaa takataka. Alilalamika Jumbe akinawa, akalalamika Jumbe akila, akalalamika Jumbe akisinzia. Jumbe akachoka. Akamwita Fundi Mbaruku, mshona kofia, akamwagiza amshonee Pazi kofia nyekundu, na tangu leo Pazi ni Mkuu wa Njia. Pazi akavaa kofia, akanyamaza, akaenda zake kukaa.

Mnauliza njia je? Njia ilibaki na takataka zake, ila sasa takataka zilikuwa na mkuu.

Jumbe siku hiyo alilala mpaka alasiri, akaamka akasema amepata dawa. Kesho yake likapigwa la mgambo mji mzima. Mwenye kofia hashiki jembe, hashiki fagio, hashiki ndoo. Kazi yake ni kuamuru. Asiye na kofia, kazi yake ni kutenda alichoamriwa. Na mwenye kofia atakayeonekana anafanya kazi atavuliwa.

Heee, wajukuu wangu. Mkisikia watu wamejua kulalamika, ni hao. Aliyelalamikia mbuzi wa jirani akawa Mkuu wa Mbuzi. Akavaa kofia, akanyamaza, akaenda zake kukaa. Aliyelalamikia jua kali akawa Mkuu wa Kivuli. Akavaa kofia, akanyamaza, akaenda zake... wapi? Kukaa, ndiyo. Kulikuwa na Mkuu wa Mawingu, na Mkuu wa Majogoo, na Msaidizi wa Mkuu wa Majogoo, na mji mzima jogoo walikuwa wanne.

Sasa sikilizeni habari za Bi Somoe, maana kisa hiki ni chake.

Bi Somoe alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, mwepesi wa mguu. Alikuwa na shamba la mihogo na mbaazi, na alikuwa na mjukuu mmoja, Tunu, wa miaka mitatu, aliyeachiwa na binti yake alipofariki. Duniani hakuwa na mwingine. Na alikuwa na shoga yake tangu utoto, Bi Mkasi, mnene, mwenye mikono ya kutwangia. Kila mwezi ukiandama, wawili hawa ndio waliosafisha kisima. Bi Somoe alifungwa kamba kiunoni akashuka, kwa kuwa ni mwepesi. Bi Mkasi alishika kamba juu, kwa kuwa ana nguvu. Kazi ile haifanyiki na mtu mmoja. Ushuke peke yako, nani atakutoa?

Kofia zikaongezeka, wasio na kofia wakapungua. Mashamba yakaota majani, isipokuwa la Bi Somoe. Basi wakuu wote wakaja kula kwake. Walikuja na kofia zao, wakasalimu, wakaketi, wakaamuru mihogo ichemshwe. Bi Somoe aliona haya kula huku jirani anamtazama, akawapa. Akalima na kupika, akatwanga na kufagia, na kila akiinua jembe palikuwa na watu watatu wa kumwambia aliinue juu zaidi.

Lakini alivumilia, kwa sababu Bi Mkasi alikuwepo. Wakipishana njiani na mizigo yao walitazamana wakacheka.

Mpaka mvua moja ikaja na paa la Bi Mkasi likavuja. Akaenda barazani kulalamika. Hakutaka kofia, maskini, alitaka makuti. Akapewa kofia, akawa Mkuu wa Matone.

Fundi Mbaruku naye, siku ileile, alikwenda kulalamika kwamba ameshona mpaka vidole vimevimba. Akafanywa Mkuu wa Kofia. Akajivika ile ya mwisho aliyoishona, akaweka sindano chini, akaenda zake kukaa. Likumbukeni hilo la sindano. Kidawa, nimesema kumbuka, sikusema uache kupukuchua.

Mwezi ukaandama, kisima hakikusafishwa. Ukaandama wa pili. Majani yakaanguka humo yakaoza. Chura akafia humo. Kisima kilikuwa na wakuu watatu, Mkuu wa Kisima, Mkuu wa Mdomo wa Kisima na Mkuu wa Kamba, na wote walikuja wakamtazama yule chura. Wakaitisha baraza. Mkuu wa Wanyama akasema chura ni mnyama, kwa hiyo ni wake, ila akiwa hai. Mkuu wa Kisima akasema yeye anahusika na maji, siyo wageni. Walibishana siku mbili, wakala mihogo ya Bi Somoe siku mbili, wakaafikiana kwamba chura aamriwe atoke. Akaamriwa.

Cheka, Shomari, cheka. Lakini watu wa Sengwa walianza kushikwa na matumbo. Wakuu wakaharisha na kofia zao vichwani. Na Tunu naye akashikwa. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alinyong'onyea. Siku ya tatu macho yakazama ndani na hakulia tena, na Bi Somoe aliyekwisha kuzika mtoto mmoja alijua maana ya mtoto kuacha kulia.

Akakimbia kwa Bi Mkasi, akamwomba amshikie kamba, mara moja tu, leo tu. Bi Mkasi akalia machozi. Akasema akivuliwa kofia mji mzima utamwamuru, na magoti yake hayawezi tena. Bi Somoe hakumtukana. Alimtazama tu, akageuka akaenda zake, na wanasema Bi Mkasi alikaa mlangoni na kofia yake mpaka aliposikia watu wanakimbilia barazani.

Bi Somoe akaenda moja kwa moja barazani kwa Jumbe. Adhuhuri, saa ya usingizi. Akaketi mlangoni, akaanza kulalamika. Alilalamikia kisima, akalalamikia chura, akalalamikia shamba na mgongo wake, na alipomaliza akaanza upya. Watu wakajaa. Si kwamba wamemhurumia. Ilikuwa saa ya kula, na mpishi alikuwa pale.

Jumbe akatoka, macho mekundu, akiwa na kofia yake mwenyewe kichwani, ile kubwa yenye nyuzi za dhahabu.

"Bi Somoe, unataka nini?"

"Shikamoo, Jumbe. Nataka kofia."

"Marahaba. Ukuu wa nini?"

"Nipe wasio na kofia. Kila asiye na kofia katika mji huu awe chini yangu, nitakalomwamuru atende."

Jumbe akatazama watu. Nyekundu tupu, kama shamba la pilipili. Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Alimwona mwanamke huyu mjinga, anaomba kuwatawala watu ambao hawapo. Akasema amempa, na mji mzima ni shahidi. Akamwita Fundi Mbaruku alete kofia.

Fundi akasema, kwa heshima zote, yeye ni Mkuu wa Kofia, na sindano hashiki.

Jumbe akamwambia Bi Somoe arudi kesho. Bi Somoe akaanza kulalamika upya, kutoka kwa chura. Jumbe alikuwa na usingizi, wajukuu wangu, na usingizi umewahi kuwaponza watu wengi. Akaivua kofia yake ya dhahabu, akambandika Bi Somoe kichwani, akasema ajisitiri nayo mpaka kesho. Akageuka alale.

Hakuna aliyeondoka. Watu wote walikuwa wanatazama kichwa chake. Miaka yote hawajawahi kukiona. Kilikuwa na upara unaong'aa, na nyuma kishungi kimoja cha nywele.

Mzee Pazi ndiye aliyetangulia kufahamu. Akasema njia ya sokoni ina takataka, na fagio liko pale. Mkuu wa Mbuzi akasema mbuzi hawajapelekwa malishoni. Msaidizi wa Mkuu wa Majogoo akasema banda linanuka. Kila mtu alikuwa na la kuamuru, na mji mzima hapakuwa na wa kuamriwa isipokuwa mtu mmoja. Jumbe akafungua mdomo akemee, akakumbuka ni mgambo wake mwenyewe uliopigwa, akaufunga.

Bi Somoe akainua mkono. "Huyu ni wangu," akasema. "Kisima kwanza."

Akamfunga kamba kiunoni, akamshusha. Alimshusha peke yake, na mnamjua mwili wake, mkavu kama huu mchi. Jumbe alikuwa na uzito wa magunia mawili. Kamba ikaanza kumkwaruza viganja, Bi Somoe akaivua kofia ya dhahabu, akaizungushia mkononi, akakaza. Jumbe akafika chini. Akatoa majani, akatoa matope, akamtoa chura, akatapika kidogo, akatoa tena matope, ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo Bi Somoe aliivuta. Wakuu walisimama pembeni wakiamuru, na Bi Mkasi miongoni mwao.

Sasa kumtoa. Jumbe ameloana, amelemewa na tope, ule uzito umekuwa magunia matatu. Bi Somoe akavuta. Alipanda mpaka katikati, basi. Miguu ya Bi Somoe ikaanza kuteleza kuelekea kisimani. Hatua moja. Ya pili. Akikaza anaingia yeye, akiachia anakufa Jumbe. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti iliyokauka:

"Mkasi, shoga yangu. Naondoka, na Tunu yuko ndani peke yake."

Bi Mkasi akaitupa kofia yake matopeni, akadaka kamba. Miguu ikasimama. Lakini Jumbe hakupanda. Mzee Pazi akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua, akashika. Fundi Mbaruku akavua. Mkuu wa Kivuli akavua, jua likamchoma, akashika. Kofia zikadondoka kama embe zilizoiva, na katika mchezo ule wa kuvuta hapakuwa na wa kuamuru, kwa sababu kila mtu alikuwa anahema. Jumbe akatokea mdomoni mwa kisima mweusi tititi, akalala kifudifudi, akasema maneno ambayo hayajasahaulika Sengwa.

"Kumbe kisima ni kirefu hivi."

Waliteka maji machafu mpaka machafu yakaisha, yakaanza kuja meupe. Bi Mkasi akaujaza mtungi wa kwanza, wa Tunu. Akataka kujitwika, kichwa kikauma, hana ngata. Akaokota kofia moja matopeni, akaikunja mviringo, akaiweka kichwani, akapachika mtungi juu yake. Ukakaa. Akaondoka mbio, na magoti yake yale yale.

Wengine wakaona. Kila mtu akaokota, akakunja, akajitwika. Bi Somoe akamrudishia Jumbe kofia yake ya dhahabu, imechakaa kwa kamba. Jumbe akaivaa. Bi Somoe akamwambia bado haijakaa sawasawa, akainua ndoo iliyojaa, akamtwika juu yake.

"Sasa imekaa," akasema.

Tunu? Alipewa maji safi kidogokidogo, kijiko kwa kijiko, na uji wa chumvi. Siku ya pili alilia. Bi Somoe aliposikia kile kilio alikaa kizingitini akalia naye, kwa furaha, mpaka Bi Mkasi akaja akawanyamazisha wote wawili. Tunu alikua, akamzaa aliyemzaa aliyenizaa mimi. Ndiyo maana nayajua.

Na tangu siku ile, Sengwa mtu akipewa cheo hapigiwi vigelegele kwanza. Anavishwa kofia, halafu linaletwa la kupachikwa juu yake. Akilibeba mpaka mwisho wa njia, ndipo wanapiga. Wengi hukataa cheo wakishaona ukubwa wa mtungi.

Basi, wajukuu wangu, funzo ni hili. Mji hautulii kwa kunyamazisha wanaolalamika, unatulia kwa kusafisha kile wanacholalamikia. Na anayetaka kuwa juu ya watu, kwanza mtazame kichwani, amebeba nini.

Kidawa, lete ungo wako nione. Mahindi matano mbele yako, hata moja halijaisha. Punje hazifuniki hata kidole. Shomari ungo umejaa, na wewe ndiye uliyekuwa unamsimamia. Njoo hapa mama, inamisha kichwa, jitwike huu wa Shomari upeleke ndani.

Kisa changu nimekitua hapa. Nilikibeba tangu kwa bibi yangu, shingo imechoka. Anayekitaka akunje ngata yake, ajitwike, akipeleke mbele.