Kijiti cha Mzee Magesa

Kufupisha kipimo si kukuza samaki.

Mmeisikia sokoni, mkadhani ni kijembe cha wachuuzi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hapa hapa mwaloni kwetu, mitumbwi ya ziwani inaposhushia samaki, na nikiisimulia roho huniuma, kwa hiyo msinikatize.

Mzee Magesa ndiye aliyetunza kijiti cha kupimia sato. Sato aliyefikia urefu wa kijiti hicho alikuwa ameshazaa. Aliyepungua alirudishwa majini. Mitumbwi ikifika, Magesa alipima, akatangaza wangapi wametimia na wangapi wamepungua. Waliopungua wakizidi, mwalo wote ulianika nyavu mpaka sato wazaliane. Njaa tuliionja, lakini samaki walirudi.

Mwaka mmoja waliopungua wakazidi. Magesa akatangaza, watu wakanuna. Mwanawe, Masatu, aliyekuwa ametoka kununua mtumbwi, akasimama mbele yake.

“Baba, kikate kidogo tu. Vidole viwili.”

“Nikikikata, sato watarefuka?”

“Hawatarefuka, ila watatimia. Wajukuu zako watakula nini?”

Magesa akautazama umati. Hakuna aliyemtetea. Mmoja akasema mzee huyu anapenda samaki kuliko damu yake. Basi akachukua panga, akakikata mwenyewe.

Siku ile wote walitimia, watu wakashangilia. Taarifa ikaenda kwa maofisa uvuvi kwamba ziwa limejaa, nao wakaruhusu mitumbwi mingine ije. Msimu uliofuata waliopungua wakazidi tena, kijiti kikakatwa tena. Nani angekataa, na mara ya kwanza walikubali?

Mwishowe kijiti kilibaki kifupi kama kidole, na Magesa aliendelea kutangaza kwamba wote wametimia, hata nyavu ziliporudi na vifaranga vitupu. Kisha zikarudi bila kitu. Masatu akaupasua mtumbwi wake kuwa kuni, maana hakupata mnunuzi, akaenda kutafuta kibarua migodini. Hajarudi mpaka leo.

Jioni moja mke wa Magesa alibandika sufuria ya maji matupu, akakitia kijiti kile jikoni. Kiliteketea maji yakiwa bado baridi.

“Hata kuni hakifai,” mzee akasema, akatoka nje.

Ndiyo maana sisi, wenye ziwa mlangoni, tunanunua sato wanaoletwa na gari, wamelazwa kwenye barafu. Na wao wanazidi kuwa wadogo, mmeona? Kufupisha kipimo, wajukuu zangu, si kukuza samaki.