Jina la Jukwaa la Mashariki

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za watu hawa hawa tunaopishana nao njiani, palikuwa na mji wa Sikonde, mji wa baridi na viazi. Mji huo ulikuwa na timu, na timu iliitwa Radi. Radi ikicheza, sokoni huoni muuzaji, kanisani huoni kwaya, hata mgonjwa anayeweza kusimama anaomba ruhusa. Wa nyuma mnanisikia? Haya, jishikeni vizuri, maana hadithi hii inakimbia.

Uwanja wa Radi ulichukua watu elfu tisa. Elfu sita walikaa kusini, kaskazini na magharibi. Elfu tatu walikaa Jukwaa la Mashariki. Huko jua la alasiri liliwapiga usoni, tiketi zilikuwa rahisi, na kelele zote za mji zilitoka huko. Anayezianzisha kelele hizo alikuwa Lwitiko, mpiga ngoma wa mashabiki. Lwitiko akipiga mara moja, watu elfu tatu wanasimama. Akipiga mara mbili, wanaruka. Wakiruka, ardhi inatetemeka mpaka kwa wauza chai nje ya geti.

Sasa, chini ya jukwaa hilo alikuwa akifagia mama mmoja, Mama Tupokigwe. Kila baada ya mechi alifagia maganda ya karanga na chupa, mwaka wa kumi na moja huo. Siku moja akaona ufa kwenye nguzo ya tatu. Akachukua njiti ya kiberiti, akajaribu kuichomeka. Haikuingia. Msimu uliofuata akajaribu tena. Ikaingia. Msimu wa tatu akajaribu kidole. Kikaingia!

Akaenda kwa meneja wa uwanja wa wakati huo. Meneja akacheka, akasema, "Mama, wewe shughulika na fagio." Akaja meneja mwingine. Mama Tupokigwe akaenda tena. Huyo hata kucheka hakucheka, alimfungia mlango.

Akaja meneja wa tatu, Anyelwisye, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Mama Tupokigwe akajikaza akaenda.

"Shikamoo, Meneja."

"Mama, unaniamkia wewe? Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba, baba. Njoo uone kitu."

Anyelwisye akainama na suti yake, akaingia chini ya jukwaa mpaka kwenye nguzo ya tatu, akachomeka kidole chake mwenyewe. Kikazama chote. Kesho yake akaleta mhandisi. Mhandisi akapima, akagonga, akasikiliza, akasema, "Watu wakikaa wametulia, jukwaa hili linaweza kusimama hata mwaka. Wakiruka pamoja mara mbili, ya tatu hawataifikia."

Na wakati huo, jamani, imebaki mechi moja! Mechi ya mwisho wa ligi, Jumapili. Radi ikishinda, inabaki Ligi Kuu. Ikitoka sare, inashuka daraja. Mji mzima haulali.

Anyelwisye akaingia kwenye kikao cha viongozi wa klabu akasema, "Jumapili uwanja utachukua watu elfu sita. Mashariki nimefunga, mhandisi amesema nguzo ina ufa."

Mwenyekiti akaruka kwenye kiti. "Umefunga mashariki? Siku ya mechi hii? Hao ndio sauti yetu! Fungua, tutakarabati baada ya Jumapili."

"Sifungui."

"Basi huna kazi."

"Sawa. Lakini sifungui."

Wakamwandikia barua hapo hapo. Wakamwambia akabidhi funguo. Akakabidhi za ofisi, za stoo, za vyumba vya wachezaji. Ufunguo wa Mashariki alikuwa ameshautumbukiza chooni, na kiongozi wa kuthubutu kulivunja kufuli mwenyewe, baada ya maneno ya mhandisi, hakupatikana. Na kwenye mlango wa jukwaa alikuwa amebandika karatasi: LIMEFUNGWA KWA SABABU ZA KIUFUNDI. Basi, maneno hayo tu. Habari ya ufa hakuiandika, kwa kuogopa mji usije ukaingiwa na hofu.

Jumapili ikafika. Watu elfu sita wakaingia mapema, wakajaa pomoni. Nje wakabaki maelfu, nyuso zimepakwa rangi, na mbele yao Lwitiko na ngoma yake. Akaisoma ile karatasi kwa sauti. "Sababu za kiufundi! Nani anajua kiufundi ni mnyama gani? Wametuona sisi ni watu wa tiketi rahisi, wanatutupa nje!"

Mpira ukaanza. Kipindi cha kwanza sifuri kwa sifuri. Nje wanasikia kelele za ndani, wanaumia. Mapumziko yalipofika, Lwitiko akashindwa kuvumilia. Akaokota mtaimbo, akalipiga kufuli. Mara moja. Mara mbili. Kufuli likaanguka! Walinzi walikuwa wanne, watu walikuwa zaidi ya elfu mbili. Jukwaa la Mashariki likajaa kabla mwamuzi hajapuliza kipyenga cha kipindi cha pili.

Mama Tupokigwe alikuwa nje akiteka maji ya kudekia. Alipoisikia ngoma inatoka juu ya jukwaa, ndoo ikamponyoka. Akakimbilia kwenye nguzo yake ya tatu. Vumbi lilikuwa likimwagika kama unga kwenye chekeche. Akapanda ngazi, akasukumana na watu, akamfikia Lwitiko, akampokonya fimbo ya ngoma.

"Mama, una wazimu? Rudisha!"

"Nifuate, mwanangu. Ukiona uongo, nichape nayo."

Akamvuta mpaka chini. "Weka kidole hapo."

Lwitiko hakuweka kidole. Uliingia mkono mzima, mpaka kwenye kifundo. Akautoa polepole. Uso ulikuwa umebadilika.

"Mungu wangu. Mama, ni mimi niliyewaingiza."

"Ndiyo, ni wewe. Watoe. Lakini ukipiga kelele kwamba linaanguka, watakanyagana kwenye ngazi wafe huko. Na wasiruke!"

Fikirini, ndugu zangu. Watu elfu mbili na zaidi, ngazi mbili nyembamba, timu inahitaji goli moja, na wewe uwatoe bila kuwatisha! Ungefanyaje?

Lwitiko akarudi juu. Akasimama safu ya juu kabisa, akapiga ngoma pigo la taratibu, lile la kusindikiza bibi harusi. Dum... dum... dum... Akapaza sauti, "Wana Mashariki! Tunahamia nyuma ya goli la wapinzani, tukamtie kiwewe golikipa wao! Safu kwa safu, kwa pigo la ngoma! Atakayekimbia si mwana Radi!"

Wakacheka, wakaanza kushuka, safu kwa safu, wakiimba. Walimwamini. Dakika ya sabini, robo wametoka. Dakika ya themanini, nusu. Ngoma haibadiliki: dum... dum... Chini yao nguzo inalia kama mlango mkuukuu, nao hawasikii.

Mama Tupokigwe akawaza: na goli likiingia sasa hivi? Hawa waliobaki si wataruka? Akakimbia mpaka mstari wa pembeni. Mpira ulikuwa umetoka, na anayekuja kuurusha alikuwa Ipyana, mshambuliaji wa Radi, kijana aliyefunga magoli kumi na saba msimu ule. Timu kubwa ilikuwa imemtuma mtu kuja kumtazama siku hiyo hiyo.

"Ipyana! Mwanangu! Usifunge!"

"Mama, niache."

"Ukifunga wataruka. Wakiruka, jukwaa linaanguka. Nguzo imekufa. Tazama juu!"

Ipyana akatazama. Akaona watu wanashuka kwa mstari katikati ya mechi, kitu ambacho hakijawahi kutokea Sikonde. Akaona ukingo wa juu wa jukwaa unacheza, unakwenda na kurudi, kama jino bovu. Akarusha mpira.

Dakika ya themanini na tisa. Mpira ukapigwa mbele, ukadunda, ukamwangukia nani? Ipyana! Akampita beki wa kwanza. Akampita wa pili. Golikipa akatoka, Ipyana akamlambisha nyasi. Goli tupu! Hatua nne tu! Uwanja mzima umesimama, watu wameshavuta pumzi ya kupiga kelele, na Mashariki bado kuna mamia, wamegeuka kwenye ngazi, magoti yamekunjwa tayari kuruka...

Ipyana akaukanyaga mpira. Akauzuia. Halafu akaupiga juu, juu, juu, ukavuka Jukwaa la Magharibi ukaenda kuangukia kwenye viazi vya watu.

Kimya. Elfu nane wote, hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyeruka. Na katika kimya kile ilisikika ngoma tu: dum... dum... Wale mamia wakaendelea kushuka, midomo wazi, kama watu waliotoka msibani.

Kipyenga cha mwisho. Sifuri kwa sifuri. Radi imeshuka daraja. Watu wakamvamia Ipyana, wakamrushia chupa, wakamwita msaliti, wakadai amehongwa. Alikuwa amejikinga kichwa kwa mikono pale katikati ya uwanja, ndipo kikasikika kishindo. Nguzo ya tatu ikakatika, ya nne ikaifuata, na Jukwaa la Mashariki lote likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Vumbi likafunika jua.

Vumbi lilipotulia wakahesabiana. Baba huyu hapa. Dada huyu hapa. Mtoto wa jirani huyu hapa. Hakufa hata mmoja! Aliyeumizwa na jukwaa alikuwa Lwitiko peke yake, maana alishuka wa mwisho. Mguu ulivunjika mara mbili, na ngoma ilibaki chini ya kifusi. Hapo ndipo watu walipoanza kulia, na kukumbatiana, na wengine wakapiga magoti mbele ya Ipyana wakamfuta damu usoni.

Mwaka uliofuata wakajenga jukwaa jipya, fupi, imara, la watu elfu moja tu. Uwanja wa elfu tisa ukawa wa elfu saba. Hakuna aliyenung'unika. Wakakubaliana jukwaa lipewe jina la mtu aliyewaokoa. Jina moja. Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo vita vilipoanza.

Wafagiaji na wauza chai wakasema, "Ni Mama Tupokigwe! Aliona kabla ya wote, alisema kabla ya wote, alifukuzwa mara mbili akarudi mara ya tatu. Lwitiko angejuaje? Ipyana angejuaje?"

Akasimama mwalimu mmoja. "Mama tunamheshimu. Lakini aliona njiti inaingia, na sisi tulikaa juu ya njiti hiyo misimu miwili zaidi. Kwa nini hakupiga kelele sokoni?"

Mama Tupokigwe akajibu mwenyewe, "Mwalimu, ningepiga kelele sokoni, wewe ungemsikiliza mfagiaji?" Mwalimu akakaa.

Wenye kupenda utaratibu wakasema, "Ni Anyelwisye! Yeye alipunguza viti tukiwa bado tunacheka. Alipoteza kazi, watoto wake walizomewa shuleni. Tungemtii, Jumapili ile pasingekuwa na mtu hata mmoja wa kuokolewa."

Lwitiko akanyanyua gongo lake. "Meneja, nisamehe, nina swali. Ungeandika kwenye ile karatasi neno moja tu, UFA, ningeshika mtaimbo?"

"Sijui," Anyelwisye akasema. "Najiuliza kila siku."

Wachezaji wakasema, "Ni Ipyana! Hawa wote walitoa jasho, yeye alitoa ndoto. Yule mtu wa timu kubwa alifunga daftari akaondoka. Goli tupu, hatua nne, nani kati yenu angeweza?" Lakini mzee mmoja aliyeifuata Radi tangu ianzishwe akauliza, "Na kama angeutuliza mpira akasubiri, akawachezea pembeni dakika mbili watu wamalize kushuka, ndipo afunge, tusingevipata vyote, watu na ligi?" Ipyana akasema, "Mzee, nilikuwa na sekunde moja. Katika sekunde moja nilimwona mama yangu mzazi. Alikuwa kwenye zile ngazi."

Akasimama mwanamke aliyekuwa na wajukuu wawili. "Nyie semeni. Mimi nilikuwa safu ya juu kabisa na hawa watoto. Sikumwona meneja, na nguzo sikuiona. Nilisikia ngoma, nikaifuata. Aliyetutoa ni Lwitiko, na alibaki mpaka mguu wa mwisho ukashuka. Andikeni Lwitiko."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Mvunja kufuli! Aliyefungulia ng'ombe zizi, akiwarudisha, tumpe zawadi?"

Lwitiko akasema, "Msiniandike. Sitaki." Lakini yule bibi akasema, "Anayeokolewa ndiye anayejua nani kamwokoa," na nusu ya watu wakampigia makofi.

Mchoraji aliyekodiwa kuandika jina alikuwa juu ya ngazi yake, brashi imechovywa kwenye rangi, rangi inadondoka kwenye viatu vyake. Akawaza, akachoka. Akageuka akawauliza, "Jamani, jua linazama. Niandike nani?"

Nami nawageuzia ninyi mlionisikiliza. Aliyeona ufa, aliyefunga jukwaa, aliyewatoa watu, na aliyeacha goli. Jina ni moja tu. Je, nani alistahili?