Sikio la Mama Kinuyo

Ujuzi hauzeeki. Mwili huchakaa, macho hufifia, magoti hulalamika kila mara mtu apandapo ngazi, lakini kile ulichokijua kwa mikono na masikio yako hukaa palepale ulipokiweka, hata kama pamepita miaka bila mtu kukuuliza. Watu huikubali methali hii kwa ncha ya ulimi tu. Wakimwona mwanamke wa miaka hamsini na tisa ameshika kitambaa cha kufutia vioo, hawajisumbui kujua kabla ya kitambaa alikuwa ameshika nini. Kosa hilo ndilo lililofanyika katika ukumbi wa Tsubame, mjini Nagoya, mwaka 1974, mvua za Juni zilipogoma kukatika.

Tsubame ulikuwa ukumbi wa pachinko wenye mashine sitini. Mashine ya pachinko husimama wima mfano wa kabati jembamba la ukutani. Mbele ina kioo, nyuma ya kioo kuna ubao, na juu ya ubao kumepigiliwa misumari midogo ya shaba zaidi ya mia mbili. Mchezaji hufyatua gololi ya chuma kwa kidole gumba. Gololi hupanda, hujipinda juu kabisa, kisha huanza kuteremka ikigonga misumari huku na huku, pachi, pachi, pachi. Ikiingia kwenye mdomo wa ushindi, mashine humtapikia mchezaji gololi kumi na tano. Ikikosa, humezwa na tundu la chini, naye hufyatua nyingine. Gololi zikijaa sanduku hubadilishwa kwa sigara, chokoleti au samaki wa kopo.

Ukiyasikia hivyo utasema ni mchezo wa watoto, na kweli ulianza na watoto na peremende zao. Lakini vita vilipokwisha na mji ukawa majivu, viwanda vilibaki na gololi za chuma zisizo na kazi. Watu wa Nagoya wakaokota mbao, vioo na misumari, wakajitengenezea cha kuwachekesha. Mwanzoni misumari ilitapakaa ubao mzima sawasawa, kama mpunga shambani. Baadaye mafundi wa mji huohuo wakaipanga kwa mafungu, hapa kundi, pale uwazi, gololi ikapata pa kusitasita na pa kukimbilia. Hapo ndipo mchezo ulipopata roho. Mtu aliyeweza kutia roho kwenye ubao kwa nyundo na misumari, mimi namvulia kofia na sioni haya.

Sasa, msumari mmoja ukiinamishwa kwa unene wa unywele, njia ya gololi hubadilika. Kwa hiyo kila ukumbi huwa na fundi wa misumari, mwenye nyundo ndogo na mkono usiotetemeka. Katika Tsubame fundi huyo alikuwa mwenye ukumbi mwenyewe, Bwana Ginji Hoshika, kwa miaka ishirini na tatu. Majira ya kuchipua ya mwaka huo alipatwa na kiharusi. Alipona, akatembea, akala, lakini mkono wake wa kulia ulibaki ukitikisika. Nyundo akampa Yasunari, mtoto wa dada yake.

Yasunari alikuwa kijana mchapakazi, tena msomi wa chuo cha ufundi. Alikuja na kipimo cha chuma na mchoro mkubwa wa karatasi. Kwa siku nne alipima na kugonga, mpaka mashine zote sitini zikalingana msumari kwa msumari. Aliporudi nyuma kuzitazama, alijiona fundi kwelikweli.

"Mjomba, hakuna mashine iliyopishana na nyingine," alisema. "Sasa kila mteja ana nafasi sawa."

Bwana Ginji alikuna kidevu. Mkono uliomfundisha kazi ulikuwa umemsaliti, naye hakuwa na uhakika tena na maneno yake.

Kesho yake asubuhi milango ilifunguliwa, spika zikapiga wimbo wa mwendo wa askari kama desturi, na watu wakaingia. Mchezaji wa Nagoya haketi ovyo. Kwanza hutembea. Hupita mashine moja moja, shingo imeinama, akisoma misumari kama mnunuzi anavyokagua macho ya samaki. Anatafuta ile ambayo fundi ameilegeza kidogo ili itoe zaidi, naye fundi ameificha kwa makusudi. Huo ni mchezo wa kwanza, kabla ya gololi kufyatuliwa. Asubuhi hiyo walitembea safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha wakasimama wakitazamana.

Mama Tamae, muuza tofu wa mtaani, mteja wa tangu zama, ndiye aliyetoa la moyoni. "Yasunari, mwanangu, umezivalisha zote sare. Huku ni shule?"

"Ni haki, Mama. Nafasi sawa kwa wote."

"Nafasi sawa nitaifuata posta, nikapange foleni ya stempu. Hapa nimekuja kuchagua. Sasa umeninyima hata cha kukosea."

Wiki mbili hazikuisha, viti vikaanza kupata vumbi. Yasunari akapandwa na hasira, akazilegeza mashine zote kwa mpigo. Watu wakafurika kama nzige. Kufikia adhuhuri rafu za sigara za zawadi zilikuwa tupu, na gololi zimejaa hadi kwenye kofia za wateja. Siku iliyofuata akazikaza zote kwa hofu. Hapo wateja waliona wametukanwa. Walihamia ukumbi wa ng'ambo ya barabara, na Mama Tamae akawa anapita mbele ya Tsubame na baiskeli yake ya tofu bila hata kugeuza shingo.

Bwana Ginji akakata tamaa. Akamwita mfanyabiashara mmoja, Bwana Kuramochi, aliyetaka kulinunua jengo hilo apange majokofu ya kuuza. Wakaafikiana kuwa Alhamisi atakuja na karatasi, waweke muhuri.

Habari hizo zilimfikia Kinuyo Asaoka akiwa amepiga magoti, anasugua jivu la sigara sakafuni. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na chumba alicholala kilikuwa juu ya ukumbi huohuo. Tsubame ukifa, pa kwenda hakuwa napo. Lakini yeye mwenyewe, baadaye, aliniambia kuwa hakuwaza chumba. Aliwaza zile mashine zitakavyobebwa na lori la taka, akaona uchungu kama wa kufiwa.

Maana Kinuyo hakuanza kwa kitambaa. Aliingia Tsubame mwaka 1951. Wakati huo mashine hazikuweza kujilisha gololi. Nyuma ya kila safu mbili palikuwa na kichochoro cha upana wa mabega, na ndani yake walikaa wanawake wakimimina gololi kwa ndoo. Mashine ikikwama, mteja hugonga kioo, na uso wa Kinuyo huchungulia juu ya mashine, "Subiri kidogo, Bwana," kisha hupotea. Miaka kumi na tisa alikaa humo, joto la kiangazi na baridi ya Januari, haoni mchezo ila mgongo wake. Haoni, lakini anasikia. Akajua mlio wa gololi inayopita vizuri, na mlio wa inayogonga msumari ulioinama. Mara nyingi alimwambia Bwana Ginji, "Namba kumi na mbili inakohoa leo," naye Ginji huenda akairekebisha. Wote wawili waliyaona hayo kuwa mazungumzo tu. Mashine mpya za kujilisha zilipoletwa, wanawake wa kichochoroni waliagwa, na Kinuyo akabakizwa kwa kuonewa huruma, akapewa kitambaa.

Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko. Kinuyo alikunja kitambaa chake mara nne, akakiweka mezani mbele ya Bwana Ginji, akainama.

"Bwana, naomba nyundo."

Yasunari alicheka, ingawa si kwa ubaya. "Mama Kinuyo, nyundo si ufagio. Mimi nimesomea, na bado imenishinda."

"Umesomea kwa macho, mwanangu. Hizi hazikutengenezwa kwa macho peke yake."

"Kwa kitu gani, basi? Kwa pua?"

Bwana Ginji aliinua kichwa. Maneno ya miaka mingi yalimrudia, ya namba kumi na mbili inayokohoa. Akasema taratibu, "Yasunari, keti namba thelathini na nne, ucheze. Mama, wewe pita nyuma."

Kinuyo akajipenyeza kichochoroni, kiuno kikilia. Yasunari akafyatua gololi moja, ya pili, ya tano, ya kumi. Ukumbi mtupu ulijaa mlio wa chuma na shaba. Sauti ya Kinuyo ikatoka nyuma ya ubao.

"Juu ya mdomo wa katikati, upande wa kushoto kwako, msumari wa tatu. Umeshusha kichwa. Gololi ikiugusa inasema 'du' badala ya 'chi'."

"Huo niliupima mwenyewe," Yasunari akanong'ona.

"Pima tena," akasema mjomba wake.

Yasunari akafungua kioo, akachomeka kipimo. Akakitoa, akakifuta, akachomeka tena. Mvua zile ndefu zilikuwa zimeuvimbisha ubao, na msumari umesogea kwa kiasi ambacho karatasi moja ingekijaza. Uso ukamshuka.

"Mpe nyundo," Bwana Ginji akasema.

Wakaanza saa tatu asubuhi. Kwa kuwa hakuweza kuwa mbele na nyuma kwa pamoja, Kinuyo alimfyatulisha Yasunari gololi huku yeye akiegesha sikio kwenye fremu ya mbao. Kisha alifungua kioo na kugonga, tik, tik, kidogo mno hata ungedhani anabembeleza. Hakuzilinganisha. Nne alizifanya karimu. Kumi na tano hivi alizifanya za wastani, zenye kutoa na kunyima. Zilizobaki zilikuwa bahili.

"Bahili ngapi hizi?" Yasunari aliuliza. "Si watakimbia tena?"

"Watu hawamkimbii bahili. Wanamkimbia bubu." Akaonyesha gololi iliyokuwa ikiteremka. "Tazama. Iache ifike mdomoni, izunguke ukingoni, kisha idondoke nje. Mtu atasema, 'Nilibakiza kidogo.' Hiyo kidogo ndiyo wewe uliyoiua."

"Na atajuaje ipi ni karimu?"

"Kwani hana macho? Nimeziachia alama za kusomeka, asiye mvivu ataziona. Mteja usimfanye mjinga, mwanangu. Mheshimu, mfiche kidogo tu."

Yasunari aliacha kuuliza, akawa anasikiliza. Mchana hawakula ila wali wa kufinyanga alioleta Bwana Ginji. Kufikia saa kumi na moja jioni mashine sitini zilikuwa tayari, na Kinuyo hakuweza kunyoosha mgongo. Nami nasema wazi, kama kuna kazi ya kupigiwa makofi, ni ile. Sitini, kila moja na tabia yake, katika siku moja, kwa mikono iliyozoeleshwa kusugua majivu.

Alhamisi asubuhi wimbo wa askari ulipigwa. Waliokuja walikuwa saba, wengi wao wamekimbia mvua. Mama Tamae naye alikuwemo, baiskeli ameiegesha mlangoni.

"Nasikia leo mnazikwa," alimwambia Yasunari. "Nimekuja kuaga. Muuza tofu wa kweli haondoki bila kuaga."

"Karibu, Mama. Tembea kwanza."

Akatembea, kwa mazoea tu, mikono nyuma. Kwenye safu ya tatu hatua zikapungua. Akarudi mashine tatu. Akainamisha shingo, pua karibu iguse kioo. Akaenda safu ya nne, akarudi mbio za kizee, akamkuta mzee mmoja anataka kuketi namba thelathini na nne.

"Hapo nimeshaketi mimi," akamwambia.

"Ulikuwa umesimama kule."

"Roho yangu ilikuwa imeketi. Sogea."

Akafyatua. Gololi ya nne ikasita, ikazunguka, ikadondoka nje, naye akapiga goti lake kwa kiganja. Ya tisa ikaingia. Maua madogo ya plastiki yaliyo kwenye mdomo wa ushindi yakafunua petali, na gololi kumi na tano zikaporomoka kwenye trei. Watu walio nje walisikia. Mlio ule haukuwa umesikika Tsubame kwa siku nyingi. Kufikia saa nne, wale wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanavuka wakiwa wamefunika vichwa kwa magazeti, wanaingia, wanainama, wanasoma misumari, wanabishana.

Bwana Kuramochi alifika saa tano, karatasi kwapani. Alisimama katikati ya kelele, akamwinamia Bwana Ginji na kusema maneno ambayo hayakusikika. Akasema tena kwa kupaza sauti. Bwana Ginji akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa, kisha akanyoosha mkono wake unaotetemeka kuelekea kona alikoketi Kinuyo juu ya kreti, nyundo mapajani.

"Mambo ya ukumbi huu muulize fundi wangu!" akapaza sauti.

Miaka ishirini na tatu Kinuyo alikuwa hajaitwa hivyo na mtu yeyote. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Bwana Kuramochi alipomkaribia na karatasi zake, Kinuyo alimtazama juu hadi chini, akamjibu kwa adabu zote.

"Samahani sana, Bwana. Viti vyote vimejaa. Ukitaka kucheza, foleni inaanzia mlangoni."

Yasunari alimfungulia mgeni mwavuli na kumsindikiza nje, kisha akarudi akapiga magoti kando ya kreti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Fundi," akasema, "nifundishe kusikia." Basi asikudanganye mtu kwa mvi wala kwa kitambaa cha kufutia vioo: ujuzi hauzeeki.