Birika la Mteremkoni na Hodi Isiyojibiwa

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na ajuaye ya ghaibu ni Mungu peke yake, ya kwamba mji wa Nuhasi ulitawaliwa na Sultani Ghaithi bin Nadhari, na kasri lake lilikuwa juu ya jabali, na chini ya jabali palikuwa na ziwa pana, na baina ya kasri na ziwa ulikuwapo mteremko mkali ambao hata mbuzi waliushuka kwa kufikiri. Na Sultani huyo alikuwa na binti mmoja tu, Sayyida Badriya, ambaye utotoni aliogelea katika ziwa lile mpaka mayaya wake wakachoka kumpigia kelele. Lakini alipofikia umri wa kuposwa alipatwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake, na ubaridi ukamwingia mifupani, ukawa unapanda kidogo kidogo kuelekea moyoni.

Matabibu wakakutana, wakabishana, wakala pilau ya Sultani, na mwishowe wakasema dawa ni moja: aoge maji ya moto yatokayo ardhini, si yaliyochemshwa kwa kuni. Badriya mwenyewe hakuuliza habari za dawa. Alitaka kuliona ziwa likiwa usawa wa kidevu chake, kama zamani.

Basi Sultani akatangaza ya kwamba atakayejenga birika la kuogea katika mteremko ule, na akalitia maji ya moto, atamwoza binti yake. Wakaja waashi mashuhuri, wakajenga kuta nene zenye nakshi, na mvua ya kwanza ikaziteremsha zote ziwani pamoja na sifa za wenyewe.

Na palikuwa na mwashi mmoja kijana, jina lake Sarhani, mwana wa marehemu fundi wa kasri, aliyesoma chuo kimoja na Badriya, wakikalia mkeka mmoja. Alimpenda tangu siku zile, naye akanyamaza, maana fundi hapeleki posa kasrini. Aliposikia tangazo hakukimbilia chokaa. Alikwenda akakaa mteremkoni akitazama mawe yalivyolala na maji ya mvua yanapopita, kisha akaingia barazani kwa Sultani.

"Bwana wangu," akasema, "wenzangu walitaka kushindana na jabali, na jabali halishindwi. Mimi nitajenga mabirika matatu yashukayo kama ngazi, kila moja likiegemea mwamba wake, na katika kuta nitaacha matundu ili maji ya mvua yapite yaende zao. Na birika la juu, ukingo wake wa upande wa ziwa nitaupunguza, maji yafurike yaangukie la pili, hata akaaye ndani asione birika linapokoma na ziwa linapoanza."

Sultani akafuta macho. "Na maji ya moto utayatoa wapi, mwanangu?"

"Yamo humo humo, Bwana. Upo ufa ambao umande haukai juu yake."

Sasa, watu wa Nuhasi walikuwa na ada yao. Hakuna atiaye sululu jabalini kabla ya kubisha, kwa kuwa kila ardhi ina mwenyewe asiyeonekana. Fundi hugonga jiwe kwa nyundo, akasema hodi mara tatu, kisha akangoja. Jiwe likiporomoka, au ndege akilia, hiyo ndiyo karibu yake. Pakiwa kimya hurudi kwake, akaja siku nyingine, kama afanyavyo muungwana mlangoni kwa jirani.

Sarhani akagonga ufa ule, akasema, "Hodi. Hodi. Hodi." Akangoja. Pakawa kimya, wala jani halikutikisika. Na asubuhi ile yaya alikuwa amemwambia ya kwamba mikono ya Badriya nayo imeanza kupoa. Sarhani akatazama juu kasrini, akasema, "Mwenye nyumba atanisamehe," akapiga sululu, na maji ya moto yakaruka.

Akajenga usiku na mchana, na birika likasimama, na mvua ikaja ikapita katika matundu bila kuudhi mtu. Ndoa ikafungwa, ngoma zikalia, Sarhani akapewa mali ambazo hakujua aziweke wapi, na alasiri ya harusi yake akambeba mkewe akamshusha majini. Badriya akakaa, maji yakamfika kidevuni, na mbele yake ziwa lote likawa moja na birika.

"Sarhani," akasema akicheka, "hebu tazama. Kidole changu cha mguu kinanisalimu."

Naam, kilitikisika. Na Sultani, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo kama mtoto mdokozi, akalia kwa sauti mpaka mawaziri wakaona haya.

Zikapita siku za furaha, na Badriya akaanza kusimama kwa kushikwa mkono. Hata alasiri moja, Sarhani alipokuwa akisafisha mfereji karibu na ule ufa, akamwona mwanamke amesimama kando ya jiwe, amejitanda kaniki, na nyayo zake hazikugusa ardhi. Akajua kuwa huyo si binadamu.

"Usiogope," akasema yule jini. "Jina langu Sailani, na hapa ulipopasua ni kwangu. Ulibisha hodi, nikasikia."

Sarhani akapiga magoti. "Mbona hukunijibu, bibi?"

"Nilikuwa na mwanangu mapajani. Alikuwa mgonjwa, hajapata usingizi muda mrefu, na ndiyo kwanza alikuwa amelala. Nikasema, nikiitika ataamka. Huyu aliyeko nje ni muungwana, atarudi kesho."

Sarhani akautazama mfereji aliokuwa akiusafisha.

"Sisi tunaishi kwa moto wa maji yale," akaendelea, "nawe umeyaelekeza kwenu yote, na hayatoshi nyumba mbili. Mwanangu anapoa. Ningeweza kuliangusha jabali hili pamoja na birika lako na kasri, lakini mwanangu yumo ndani yake. Sina nguvu juu yako, mwanadamu. Nimekuja kuomba."

"Nikiyafunga, mke wangu atakufa."

"Najua. Ndiyo maana sikuamuru," akasema Sailani, na akatoweka.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini Sarhani aliujua jioni ile bila kuwa na mwana, akaubeba hadi ndani akiuficha chini ya maneno ya kuchekesha. Badriya akamtazama tu. Mtu mliyekalia naye mkeka mmoja humdanganyi.

"Una nini, bwana?"

Akamweleza yote, na Badriya akauliza, "Ulingoja baada ya hodi?"

"Nilingoja. Pakawa kimya. Nikaingia."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako."

Badriya akalia, maana alikuwa kijana na aliyapenda maisha, na miguu yake ndiyo kwanza ilikuwa imemrudia. Alipokwisha kulia akasema, "Siwezi kuoga katika uhai wa mtoto wa mwenzangu. Nibebe unipeleke, nikushikie chokaa."

Wakashuka wawili, Sarhani akauziba ufa kwa mkono wake mwenyewe, na kila jiwe aliloweka lilimkata. Sultani alipopata habari aliinua upanga juu ya mkwewe, na Badriya akaushika mkono wa baba yake kwa vidole vilivyokwisha kuanza kupoa, naye akauangusha upanga, akakaa chini pale pale.

Badriya aliishi hadi mwisho wa mvua. Kila alasiri Sarhani alimketisha ukingoni mwa birika, amefunikwa mablanketi, wakitazama ziwa, na siku moja akamwona anatazama bila kupepesa.

Baada ya maziko Sarhani akajifungia, asile, asilie, asimjibu mtu. Na siku moja akasikia mlangoni, "Hodi. Hodi. Hodi." Akaijua sauti ile, akanyamaza. Aliyebisha akangoja, kisha akaenda zake. Kesho yake akaja tena, akabisha tena, akangoja tena, akaenda zake. Ikawa hivyo siku baada ya siku, wala hakuusukuma mlango, ingawa komeo halizuii jini.

Mpaka siku moja Sarhani akasema, kwa sauti iliyokauka, "Karibu."

Akaingia Sailani katika kaniki yake, amemshika mkono mtoto anayetembea vizuri. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto akaamkia, akampa mkono, na mkono ule ulikuwa wa moto. Sarhani akaushika kwa mikono yake miwili, akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko, nao wakakaa naye hata alipomaliza.

Enyi wasikizi, ukimya wa mlangoni nao ni jibu. Huenda ndani mtu anamlaza mwanawe. Na hekaya yangu naiweka hapa kizingitini: anayeitaka na abishe hodi, na angoje.