Kitwitwi na Uwanja Ulioitwa Mtupu

Jamani, mpo?

Tupo!

Na masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi, paukwa!

Pakawa!

Zamani za kale, zamani sana, wanyama walichoka kuishi wametawanyika. Wakasema, "Tujenge mji." Wakamchagua Nungunungu aupime, kwa sababu alikuwa na miiba mgongoni, na kila mwiba ulifaa kuwa kigingi.

Nungunungu hakuwa na kiburi. Alisema, "Mji si nyumba tu. Lazima pabaki mahali pa kupita, pa kucheza na pa kupumzika. Nitauliza kila mahali, siku tatu mfululizo: hapa pana mwenyewe? Akijibu mtu, mahali pake hapajengwi."

Akauliza bondeni. Swala wakajibu, "Hapa watoto wetu hujifunza kukimbia." Nungunungu akachomeka miiba, pakawa kiwanja cha watoto.

Akauliza kando ya mto. Kiboko akajibu, "Hii ni njia yangu ya malishoni, tangu enzi za babu yangu." Nungunungu akachomeka miiba, ikawa njia ya wote.

Kisha akafika kwenye uwanja wa kokoto, usio na mti wala nyasi. Hapo aliishi Kitwitwi, ndege mdogo mwenye miguu myembamba. Kitwitwi hajengi kiota. Hutaga juu ya kokoto, na mayai yake hufanana na kokoto. Mwaka juzi mayai yake yalisombwa na mvua. Mwaka jana yaliliwa na Kenge. Mwaka huu alikuwa nayo matatu, na hakuwa na mengine.

Mama yake alimfundisha hivi: "Ukiona mtu anakuja, buruta bawa kama limevunjika. Akufuate wewe, ayaache mayai. Wala usimwambie mtu yalipo, hata rafiki."

Siku ya kwanza Nungunungu akauliza, "Hapa pana mwenyewe?" Kitwitwi akakimbilia pembeni akiburuta bawa. "Uwi! Bawa langu! Bawa langu!" Nungunungu akamfuata amsaidie. Walipofika mbali, Kitwitwi akaruka zake. Ngedere, aliyeshika kamba ya kupimia, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya pili ikawa vilevile. "Uwi! Bawa langu!" Nungunungu akamfuata, Kitwitwi akaruka zake. Ngedere akasema, "Hongera, mganga! Ukimkaribia tu mgonjwa, anapona!"

Siku ya tatu Nungunungu hakumfuata. Akakaa chini, akasema kwa upole, "Mama, leo ndiyo siku ya mwisho. Sina ubaya nawe. Hapo unapotutoa pana nini?"

Kitwitwi akayatazama mayai yake. Yalikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa Nungunungu. Akatamani kusema. Akakumbuka maneno ya mama yake.

"Hapana kitu, baba. Kokoto tu."

"Kweli, mama?"

"Kweli, baba."

Basi Nungunungu akachomeka miiba, akatangaza, "Uwanja huu ni mtupu. Hapa tutajenga soko."

Kesho yake wakaja Tembo watatu kuushindilia uwanja kwa miguu. Kitwitwi akaburuta bawa mbele ya Tembo wa kwanza. Tembo akasema, "Ngedere ametusimulia mchezo wako, binti. Tupishe." Akaburuta bawa mbele ya wa pili. Wa pili naye akasema, "Tupishe, binti, tuna kazi." Wakapita.

Mbele ya Tembo wa tatu hakuburuta bawa. Alisimama, akatandaza mabawa yote mawili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema, "Babu, wanangu wapo hapa! Watatu!"

Tembo akabaki na mguu mmoja juu. Akaurudisha polepole. "Wapi, mwanangu? Nionyeshe."

Kitwitwi akageuka amwonyeshe. Wale wawili walikuwa wameshapita juu ya mayai yote matatu.

Nungunungu akaitwa. Akatazama chini. Ngedere hakucheka, alikuwa akikunja kamba yake, akiikunjua, akiikunja tena.

Mwishowe Nungunungu akasema, "Niliuliza mdomo, sikutazama ardhi. Ningekaa nusu siku tu, kimya, ningekuona ukiatamia."

Kitwitwi akasema, "Nawe uliniuliza mara tatu, baba, nami nikaficha."

Hawakulaumiana. Wakakaa pamoja mpaka jua likawa kali. Kisha Nungunungu akang'oa miiba yake, mmoja mmoja, na soko likajengwa kwingine.

Uwanja ule uko wazi hadi leo. Watoto wa Swala huchezea huko, wazee hupumzika wakitoka sokoni, wageni husema mji huu umepangwa vizuri. Kitwitwi hakukanyaga hapo tena.

Ndugu zangu, anayepanga mji asiite mahali patupu kwa sababu tu hakujibiwa. Akae, atazame nani anaishi hapo. Na wewe uliyezoea kuficha kwa kuwa uliumizwa, ukiulizwa kwa wema, jitahidi kusema mapema. Ni vigumu, najua.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mliyoiona tamu, igawaneni. Iliyobaki chungu, niachieni mimi.