Firigisi Moja, Mguu Mmoja

Hapo zamani, zamani ya mvua iliyopita tu, palikuwa na Mzee Makhulo, mgonjwa wa sukari aliyependa mawaidha ya hospitali kuliko dawa zake. Kila Jumanne muuguzi Ayuma alipofundisha uani pa hospitali ya kijiji, Makhulo alikaa mstari wa mbele. Wakiambiwa wasitembee peku, alipiga makofi. Wakiambiwa wakague nyayo kila jioni, alipiga makofi. Kisha alirudi nyumbani peku, akiyateremsha mawaidha kwa soda baridi.

Siku moja akakanyaga msumari. Hakusikia kitu, maana sukari ilikwisha kuzitia nyayo zake ganzi. Mkewe, Nasambu, ndiye aliyeuona mguu umevimba na kunuka. Akamsihi waende hospitali. Makhulo akasema yeye haswagwi na mwanamke kama mbuzi wa mnada. Basi Nasambu akawa anakiosha kile kidonda asubuhi na jioni, huku anaosha, huku anatukanwa. Muuguzi Ayuma akaja mpaka nyumbani, akaja tena. Mara zote mbili aliambiwa mguu si wa serikali.

Kusema kweli, Makhulo aliogopa msumeno wa daktari. Lakini aliona haya kuogopa, akaona afadhali awe mkali.

Sasa, alikuwa na hasimu wake, jirani aitwaye Lisamula, tangu waliposhindania uenyekiti wa kamati ya maji. Lisamula akaenda kwa seremala, akachongesha mguu wa mti, toka goti hadi kisigino. Siku ya soko akauleta mbele za watu, akainama kwa adabu zote, akamkabidhi Makhulo kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," akasema, "ujaribu mapema, usije ukakubana."

Soko zima likacheka. Makhulo akawaka. Akaapa kwenda hospitali saa ile ile, apone, kisha aufanye mguu huo kuni. Akaenda kweli. Daktari akamwambia angechelewa siku mbili tu, wangemkata gotini.

Mguu ukapona. Makhulo akachinja jogoo, akawaita wote, hata Lisamula, na mguu wa mti ndio uliompika jogoo huyo. Lakini jogoo ana firigisi moja, na kwetu firigisi haigawanywi. Huila yule mwenye heshima ya siku hiyo.

Ayuma akasema, "Mzee, mimi nilikuambia miaka miwili kabla ya msumari. Ungenisikia, leo tusingekuwa na kidonda cha kusherehekea."

"Sista, ulisema ukaenda zako," akadakia Nasambu. "Mimi nilibaki na harufu. Bila mikono hii, mguu ungeoza kabla hajapata wa kumkasirisha."

Lisamula akajipangusa mdomo ambao haujala kitu. "Mmoja alisema, mmoja aliosha. Alikwenda? Alikwenda siku nilipomchekeshea soko."

Nasambu akamuuliza kama alimtakia mumewe apone.

"Nilitaka achekwe," akajibu Lisamula bila haya. "Kupona alijiponea mwenyewe."

Makhulo akazungusha kijiko mchuzini. Jibu lake alikuwa nalo tangu jogoo yu hai: nani aliyetembea hadi hospitali, kama si yeye? Firigisi ni yake. Akafungua mdomo aseme, akaona wote watatu wanatazama chini ya meza. Viatu alivyopewa hospitali vilikuwa mlangoni, vipya kama vilivyotoka dukani. Yeye alikuwa peku.

Haya, mlioketi hapa na nyayo zenu ambazo hamjazikagua tangu mwaka uanze, amueni ninyi. Aliyesema, aliyeosha, aliyechekesha, aliyetembea: je, nani alistahili firigisi? Na mguu wa mti ukiwa sasa ni majivu jikoni, nani atamvalisha Mzee Makhulo viatu vyake?